Jinsi ya Kusoma Kitabu Kilichogeuzwa Kuwa Sanaa

Kitabu kilichogeuzwa ni kitabu cha kawaida, kilichochapishwa na kusomwa na watu, kisha kikaangukia mikononi mwa msanii. Akafuta maneno hapa, akachora pale, akakata dirisha katikati ya kurasa, akabandika picha au akapitisha uzi na sindano. Kwenye maonyesho hapa Nairobi utakikuta mara nyingi kimelazwa ndani ya sanduku la kioo, kimefunguliwa ukurasa mmoja, na kando yake kikaratasi chenye jina la kazi na mwaka. Watu huinama, wakasoma maneno manne matano yaliyoachwa, wakatazama rangi, wakasema "kali hii", wakaenda zao. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki hapo kidogo na kuondoka akiwa na la kusema.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Ukurasa wa namna hii una wasemaji watatu. Yapo maneno yaliyobaki. Ipo picha iliyoongezwa. Na kuna kitabu chenyewe cha awali, ambacho kimefunikwa lakini hakijaondoka. Watazamaji wengi husikiliza wawili wa kwanza na kumsahau wa tatu, na kwa maoni yangu huyo wa tatu ndiye mwenye mengi zaidi.

Hatua ya 1: Kijue kitabu kabla ya kuijua kazi

Kabla ya kuuliza msanii alitaka kusema nini, uliza: hiki kilikuwa kitabu gani? Tazama jalada na mgongo wake kama vinaonekana. Tafuta ukurasa wa hakimiliki. Tafuta mihuri ya shule au ya maktaba, majina ya wanafunzi yaliyopangwa moja chini ya lingine, bei iliyoandikwa kwa penseli pembeni. Anayenunua vitabu vilivyotumika pale barabarani Tom Mboya, kwa wale wauzaji wanaotandaza chini hadi uiname ndipo usome vichwa, anazijua alama hizi. Zinasimulia kitabu kilipita wapi.

Aina ya kitabu hupanga nusu ya maana. Kitabu cha maelekezo huamrisha: fanya, usifanye. Atlasi hugawa nchi. Kamusi hudai kwamba kila neno lina mahali pake. Daftari la mahesabu ya duka huhesabu kila kitu. Msanii akikichana kitabu cha amri, amri zile hubaki zikisikika hata katika maneno matatu. Jaribu kufikiria maneno yale yale yaliyobaki yakiwa yametoka kwenye kitabu cha mapenzi, utaona yanabadilika.

Hapa kwetu kuna vitabu vyenye uzito wa pekee. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, ilitoa vitabu na vijitabu vingi kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili wakati wa ukoloni, vikiwemo vya kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi. Msanii akitumia kijitabu cha namna hiyo, uhusiano wa anayefundisha na anayefundishwa tayari uko mezani kabla hajashika brashi. Vivyo hivyo kitabu chenye muhuri wa maktaba. Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Muhuri wa maktaba ya aina hiyo kwenye ukurasa uliochorwa si pambo. Unakuambia ukurasa huo ulichapishwa kwa macho ya nani.

Pia uliza kama kitabu kilichaguliwa au kiliokotwa. Mchoraji Mwingereza Tom Phillips alijiwekea sharti mwaka 1966: atakifanyia kazi kitabu cha kwanza atakachokipata kwa peni tatu. Akakipata Peckham Rye, London, riwaya ya mwaka 1892 ya W. H. Mallock ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kusahaulika. Aliendelea kuichora karibu miaka 50, toleo la mwisho likitoka mwaka 2016. Kwa kitabu kilichookotwa namna hiyo, usitafute sababu kubwa ya kwa nini Mallock na si mwingine. Tafuta alichokichimbua ndani yake.

Hatua ya 2: Tazama kabla hujasoma

Rudi nyuma hatua mbili. Kabla hujasoma neno lolote, angalia jicho lako limekimbilia wapi, na wapi pamejaa, na wapi pako wazi. Je, ukurasa bado unafanana na ukurasa, wenye mistari na pambizo, au umekuwa mchoro uliobakiwa na herufi mbili tatu? Hatua hii ni ya nusu dakika. Ifanye kwanza kwa sababu ukishasoma maneno huwezi tena kuiona picha bila maneno hayo.

Hatua ya 3: Soma yaliyobaki kwa sauti, kisha tafuta yalikotoka

Hapa ndipo penye kazi, kwa hivyo nitakaa. Mfano nitakaotumia nimeutunga mwenyewe ili tuweze kuona ndani na nje. Tuchukulie msanii amepata kijitabu cha zamani cha usafi wa nyumba, na ukurasa mmoja ulisema hivi:

"Mama wa nyumba afungue madirisha kila asubuhi ili hewa safi iingie. Mgeni akija, apewe kiti kilicho mbali na moto, na maji ya kunawa yawe tayari karibu na mlango. Vyombo vya maji vifunikwe ili inzi wasitue. Taka zisitupwe njiani bali zichomwe nyuma ya nyumba kabla ya jua kuchwa."

Chini ya aya palikuwa na mchoro mdogo wa kiti karibu na dirisha. Msanii amefunika ukurasa wote, isipokuwa kiti hicho, kwa rangi ya udongo mwekundu. Kwenye maandishi ameacha vidirisha vinne tu vya karatasi, na kutoka kimoja hadi kingine amepitisha ufito mweupe kama njia ya miguu. Katika vidirisha hivyo unasoma:

"nyumba … Mgeni akija … zichomwe … kabla ya jua kuchwa."

Soma kwa sauti. Nyumba, mgeni akija, zichomwe kabla ya jua kuchwa. Ni sentensi kamili, na ni amri. Hakuna neno hata moja aliloongeza msanii. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa nyumba zinazobomolewa au kuteketea zinafananaje, wala mgeni atakayeshuka kwenye gari na karatasi mkononi ni nani.

Sasa fanya kile ambacho wasomaji wengi hawafanyi: uliza kila neno lilitoka wapi. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana neno likifichwa, upatanisho wake hubaki kwenye kitenzi. Angalia "zichomwe". Ile "zi-" ni ya nani? Katika sentensi iliyobaki ni ya nyumba. Katika kitabu cha awali ilikuwa ya taka. Nomino zote mbili ziko katika ngeli ya I-ZI, kwa hivyo msanii amebadilisha kiima chini ya kitenzi bila kugusa herufi. Chini ya rangi nyekundu, taka bado zipo. Juu yake, nyumba zimekaa mahali pa taka. Kazi nzima iko hapo, na anayesoma maneno yaliyobaki peke yake hawezi kuiona.

Kwa hivyo ukikuta kitenzi, kivumishi au kiwakilishi kwenye ukurasa wa Kiswahili, kishike mkono na umuulize jamaa yake yuko wapi. "Vifunikwe" bila nomino: ni nini vi-? "Yake" peke yake kwenye bahari ya rangi: ya nani, na ni kitu gani? Wakati mwingine nomino mpya imeletwa kutoka mstari wa juu, kama hapa. Wakati mwingine picha ndiyo inayojaza nafasi ya nomino: neno "wamelala" linabaki na pembeni pamechorwa viatu tu. Na wakati mwingine nafasi inaachwa tupu makusudi, ukaachwa ukisubiri.

Zipo pia sarufi zisizokubaliana. Ukikuta "kiti … wasitue", usiseme msanii hajui Kiswahili. Amekata hivyo akijua utakwama, na kukwama huko ni sehemu ya kusoma. Uliza kwa nini anataka ukwame hapo.

Kisha angalia kama maneno yenyewe yamekatwa. Phillips alipata mhusika mzima kwa njia hii: bwana mmoja aitwaye Toge, ambaye jina lake limo ndani ya maneno mawili ya Kiingereza, "together" na "altogether", na ambaye hutokea tu kwenye kurasa ambazo Mallock alitumia moja ya maneno hayo. Kiswahili, kwa jinsi maneno yake yanavyojengwa kwa vipande, kina hazina kubwa zaidi. Ficha nusu ya "serikali" unabaki na kali. Ficha mwisho wa "watumwa" unabaki na watu. Ficha mwanzo wa "wananchi" inabaki nchi yenyewe, bila wana wake. Msanii mvivu huachia mchezo huo hapo, mtazamaji acheke na kupita. Mwenye nia ataufanya uzae kitu kwenye ukurasa unaofuata.

Mpangilio nao usiuchukulie hivi hivi. Umesoma kutoka juu kwenda chini kwa sababu ni desturi, au kwa sababu ule ufito mweupe umekuongoza? Ufito ukipanda kutoka chini, anza chini. Pasipokuwa na njia yoyote, jaribu mipangilio miwili na uandike yote. Huenda ukurasa unakubali yote.

Hatua ya 4: Chunguza maneno yamefichwaje

Kufunika si tendo moja. Rangi nyepesi inayoruhusu herufi kuchungulia inasema kwamba ya zamani bado yapo, ukitaka jipinde uyasome. Rangi nzito nyeusi yenye kingo zilizonyooka huleta picha ya faili la serikali lililokaguliwa, na mwenye kumbukumbu ya magazeti ya miaka fulani ya nchi hii ataihisi haraka. Wembe huondoa neno kabisa, lakini huacha tundu, na tunduni unaona ukurasa wa nyuma: neno la ukurasa wa 39 linaingia kwenye sentensi ya ukurasa wa 37. Karatasi iliyobandikwa inaweza kubanduliwa siku moja. Uzi unashikilia na papo hapo unatoboa. Kusugua kwa msasa huacha karatasi ikiwa na manyoya manyoya, na ukiangalia kwa mshazari utaona kivuli cha herufi.

Moto una habari yake. John Latham alijenga minara ya vitabu jijini London miaka ya 1960 na kuiwasha. Kilichobaki kwa mtazamaji kilikuwa majivu na moshi, na hakuna sentensi ya kusoma. Kitabu kilichounguzwa kingo tu, kikaachwa katikati kinasomeka, ni jambo lingine kabisa, na mimi binafsi huwa nakishuku kidogo. Mara nyingi kingo zile zimeunguzwa ili kitabu kionekane cha kale.

Kwenye mfano wetu, rangi ni ya udongo mwekundu. Mtu atakimbilia kusema nyekundu ni damu. Tumezoeshwa hivyo darasani, kwenye maswali ya fasihi, ambapo kila rangi lazima iwe ishara ya kitu na kila kitu kiwe na funzo. Subiri. Anza na kinachojulikana: hii ni rangi ya udongo unaoshika viatu mtu akitoka mtaani baada ya mvua. Kijitabu cha usafi kimepakwa kile hasa kilichokuwa kinapiga vita. Damu inaweza kuja baadaye, kama kitu kingine ukurasani kitaiita.

Hatua ya 5: Ipe picha kazi yake

Kosa la kawaida ni kuiona picha kama kielelezo cha maneno, kama vile kwenye kitabu cha darasa la tatu ambapo sentensi inasema ng'ombe na kando kuna ng'ombe. Katika sanaa hii picha inafanya zaidi ya hapo. Aliyewahi kuchagua leso Biashara Street anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Leso ina pindo, ina mji, yaani pambo la katikati, ina jina, yaani maandishi yake, na mnunuzi mwangalifu hukunja, akasoma jina, akarudi kutazama mji. Korosho zilizochorwa katikati hazielezi jina lililoandikwa chini yake, wala jina halielezi korosho. Hata hivyo ukimpa jirani leso hiyo, vyote viwili vinafika pamoja, na jirani anajua kama ametukanwa.

Basi jiulize picha inafanya lipi kati ya haya. Inaweza kukubaliana na maneno, na hapo uliza kwa nini irudie. Inaweza kuyapinga: maneno ya amani juu ya picha ya ghasia. Inaweza kuchukua nafasi ya neno lililofichwa. Inaweza kuwa barabara ya kusomea, kama ule ufito mweupe. Na herufi zenyewe zinaweza kuacha kuwa maneno na kugeuka umbo, mistari ya chapa ikawa mabati, au mvua, au nywele.

Kwenye ukurasa wetu, kumbuka mchoro wa kiti. Msanii amefunika neno "kiti" lakini ameacha kiti kilichochorwa. Dirisha lililokuwa kando yake amelipaka rangi. Mgeni ameshafika katika sentensi, kiti chake kipo na hakuna mtu amekikalia. Kijitabu kilimfundisha mama wa nyumba kumkaribisha mgeni, na picha imeitunza "karibu" ile ile wakati maneno yamekwisha kuwa amri ya kuchoma. Hapo maneno na picha havikubaliani, na maana imekaa katika huko kutokubaliana.

Mfano mkubwa wa kweli ni wa Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Katikati ya miaka ya 2000 alitengeneza mfululizo wa kazi 12 juu ya michoro ya zamani ya kitabu cha tiba inayoonyesha magonjwa ya mfuko wa uzazi. Si kitabu kizima, ni kurasa, lakini usomaji wake ni huu huu. Juu ya michoro ile amebandika macho, midomo na vipande vilivyokatwa kutoka magazeti ya picha, hadi kila ukurasa ukawa uso wa mwanamke. Vichwa vilivyochapishwa vya kitabu cha tiba, vinavyotaja ugonjwa, vimeachwa vikionekana. Fanya majaribio: ziba maandishi kwa kiganja utazame uso peke yake, kisha ziba uso usome maandishi. Uso unakutazama. Maandishi yanamtazama yeye, kama daktari anavyotazama kilicho mezani. Hakuna upande unaofuta mwingine, na macho yako yanapanda na kushuka kati ya vyote viwili.

Jaribio hilo la kiganja ndilo chombo bora ninachokijua. Lifanye kwa kila kazi. Kama ukiziba maneno picha haipotezi kitu, au ukiziba picha maneno hayapotezi kitu, basi viwili hivyo havijaungana, vimewekwa tu jirani. Sema hivyo bila woga, hata kama kazi iko ukutani mwa jumba kubwa.

Hatua ya 6: Usiishie ukurasa mmoja

Kitabu kina mbele na nyuma. Kama kiko ndani ya kioo, muulize dada au kaka anayesimamia ukumbi kama kuna picha za kurasa nyingine, au kama kuna siku kurasa hugeuzwa. Si usumbufu, na wengi hufurahi kuulizwa. Kama unaruhusiwa kushika, nawa na kukausha mikono, geuza kurasa kutoka pembe ya juu, na tazama ni kurasa zipi msanii hakuzigusa. Zile zilizoachwa zilivyokuwa nazo zinasomwa. Tafuta pia rangi iliyopenya upande wa pili: alichokiandika ukurasa wa mbele kinaharibu nini nyuma yake?

Phillips alichora upya kurasa zake nyingi, hivi kwamba ukurasa mmoja wa Mallock una sura zaidi ya moja, kila moja na maneno yake. Ukipata matoleo mawili ya namna hiyo yaweke ubavuni. Hakuna somo la haraka zaidi la kuona kwamba kila neno lililobaki lingeweza kufichwa.

Hatua ya 7: Andika usomaji wako

Usianze na "kazi hii inahusu". Anza na ulichokiona kwa mpangilio ulivyokiona: kitabu gani, kimefanywa nini, maneno gani yamebaki, yametoka kwenye sentensi gani, picha imekaa wapi. Dai lolote utakalotoa lishikilie kwenye alama moja unayoweza kuionyesha kwa kidole. "Nyumba zimechukua nafasi ya taka" nina ushahidi wake, ni ile "zi-". "Msanii analaani ubomoaji" ni hatua ya mbali zaidi, na nitaiandika kwa lugha ya tahadhari, kwa sababu ukurasa ule unaweza pia kuwa unamcheka mwandishi wa kijitabu, au unamwonea huruma mama wa nyumba ambaye hakuwahi kuulizwa chochote.

Ukibahatika kukutana na msanii mwenyewe, usimuulize kazi inamaanisha nini. Atakupa lile jibu alilokwisha kuwapa watu wa kwanza kwenye ufunguzi. Muulize kitabu alikipata wapi na kwa shilingi ngapi, alisoma kurasa ngapi kabla ya kuanza kufunika, alianza na neno au na rangi, na ni neno gani alilitamani likawa halimo kitabuni. Swali hilo la mwisho liulize hata kama muda umekwisha.